Baba Mkwe Nyuma ya Ubao

Jumatatu, 4 Februari 1957, Mbeya

Leo, siku ya kwanza ya kozi, nimetoka darasani kwa kupitia dirishani. Mimi Damari, mama wa watoto wanne, mwenye miaka thelathini na minane, nimekunja gauni nikarukia kwenye matope mbele ya vijana ambao ningeweza kuwazaa. Sijutii hata kidogo. Mlangoni alikuwa amesimama Baba Mkwe.

Tangu niolewe na Jailos sijapata kumwona baba yake usoni. Kwetu Rungwe mkamwana hamwangalii mkwewe, hakai naye chumba kimoja, hatamki jina lake, na akimsikia anakuja njiani huingia migombani mpaka apite. Wachungaji wamelisemea sana jambo hili. Tunawaitikia amina, kisha tunatoka kanisani kwa milango miwili. Mimi namjua mzee yule kwa kikohozi chake tu, viwili vifupi na kimoja kirefu. Leo nimekisikia hapa, katika ghala la zamani la pareto ambalo ndilo darasa letu, na Bwana Kalinga, mkufunzi, akasema, "Karibu mzee, keti mbele." Kwa hiyo hakuwa anapita njia. Amekuja kusoma, au amekuja kunichunga. Jailos yuko Makongolosi kwenye dhahabu, na ukoo wake haujawahi kupenda nitoke peke yangu.

Kozi hii ni ya walimu wa kisomo cha watu wazima. Itakwisha mwezi wa tano. Atakayefaulu atapewa hati, na pamoja na hati sanduku lenye ubao, chaki na vitabu vya kwanza. Kila kijiji sanduku moja. Nimewaahidi wanawake wa kwetu kwamba nitarudi nalo, na mimi si mtu wa kuahidi ovyo. Sasa kijiji chetu kina wanafunzi wawili, na tukifaulu wote wawili najua sanduku atapewa mwenye ndevu.

Jumatano, 6 Februari

Nimepata rafiki. Anaitwa Lea, Mhehe wa Mlandege, Iringa. Tuko wanawake wawili tu kwenye kozi nzima. Aliponiona nimekaa nje chini ya mwavuli, nasikiliza somo kwenye dirisha lile lile, akaja kuniuliza kama nina ugonjwa.

"Sina ugonjwa," nikamwambia. "Nina mkwe."

Nilipomweleza alicheka mpaka akashika ukuta. "Kwetu mkwe unampigia goti, unamsalimia, unampa maji ya kunawa, basi. Ninyi Wanyakyusa mmezidisha."

"Tumezidisha. Sasa nisaidie."

Akaenda kusema na Bwana Kalinga. Huyu naye ni kijana wa Iringa, viatu vinang'aa hata siku ya matope. Alikuna kichwa, akasema katika maandishi yake hakuna neno lolote kuhusu wakwe. Mwishowe wakaning'iniza magunia katikati ya chumba. Wanaume wako upande wa mlango, mimi na Lea upande wa dirisha, na Bwana Kalinga anasimama pale magunia yanapoishia, anageuza shingo huku na huku. Magunia yamejaa vumbi la pareto. Kozi nzima tunapiga chafya.

Jumatatu, 11 Februari

Nilidhani wiki ya kwanza ni ya kujipanga tu. Leo nimeamini kwamba mambo ndivyo yatakavyokuwa. Bwana Kalinga anaingia, anafungua jalada, anasoma, na sisi tunaandika. "Kanuni ya tano. Mwalimu bora huwa na sauti ya wastani. Kanuni ya sita. Mwalimu bora husimama wima." Mpaka saa ya chakula. Baada ya chakula tunasomewa tena zile za asubuhi ili tusahihishe tahajia.

Ubao upo, mzuri, umesimama juu ya miguu yake, mweusi mbele na nyuma. Hakuna aliyeugusa. Mwanafunzi mtu mzima asiyejua kusoma, yule tuliyekuja kujifunza kumfundisha, hatujamwona hata mmoja.

Alhamisi, 14 Februari

Mvua. Kanuni ya tisa.

Ijumaa, 15 Februari

Mvua. Kanuni ya tisa tena, kwa sababu Marcelino, kijana mmoja wa upande wa wanaume, alikuwa hajamaliza kuiandika.

Jumatano, 20 Februari

Nimekwenda kwa Bwana Kalinga baada ya somo. Nikamwambia kwa adabu, lakini sikuzungukazunguka.

"Bwana Kalinga, mimi nimeacha shamba na watoto kwa dada yangu. Nimekuja kujifunza kufundisha. Lini tutafundisha?"

"Mama, muhtasari ni muhtasari. Mazoezi yako mwishoni."

"Mwishoni kutakuwa na wanafunzi?"

Akapanga karatasi zake ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. "Tutaona, mama. Mwaka jana kulikuwa na darasa pale Mwanjelwa. Wanawake walikuja siku mbili wakaacha. Wanawake wa soko hawana hamu ya elimu, ndivyo ilivyoandikwa kwenye taarifa."

Nimerudi bwenini nikiwa na hasira, nikaanza kufunga mizigo. Lea alikuwa anamenya viazi, hakunizuia. Nilipofika kwenye kitenge cha mwisho nikajiuliza nitawaambia nini wanawake wa kwetu. Kwamba mkufunzi alinichosha? Nimechoshwa na watu wakubwa kuliko huyu. Nikafungua mizigo. Kama kozi haifundishi, nitajifundisha humo humo ndani yake, na hati yao nitaichukua.

Kilichoniudhi zaidi ni sauti ya Baba Mkwe nyuma ya magunia jioni hii, akimwambia Bwana Kalinga kwamba maandishi ni matamu sana. Wamemfanya kiongozi wa wanafunzi. Nilijua tu.

Jumamosi, 2 Machi

Nimekwenda Mwanjelwa na Lea kununua maharage, nikakaa na wauza ndizi, ambao wengi ni watu wa kwetu. Nikamwuliza Mama Eliezeri, mkubwa wao, kwa nini waliacha darasa la mwaka jana.

"Mwanangu, walituweka chumba kimoja na wapagazi na wachinjaji. Mimi mkwe wangu alikuwa benchi la kwanza. Tulikaa tumejifunika shuka kichwani siku mbili. Utasomaje ndani ya shuka?"

"Mlimwambia mwalimu?"

"Mwalimu alikuwa mtu wa mbali. Alituona wavivu, na sisi tukamwona hana adabu. Tukaachana."

Nikamtafsiria Lea, maana tulisema Kinyakyusa. Safari hii hakucheka. Nikamwuliza Mama Eliezeri, wakipata mwalimu mwanamke, nyuma ya kibanda chao wenyewe, wangekuja? Akauliza waje mara ngapi kwa wiki.

Jumamosi, 9 Machi

Niandike ukweli. Somo langu la kwanza limekuwa baya mno.

Mama Eliezeri alitupa mlango wa kibanda uwe ubao wetu, na mkaa kwa chaki. Wanawake wakajaa. Nikasimama wima, nikatoa sauti ya wastani, nikaandika a, e, i, o, u, nikawaimbisha. Wakaimba. Nikawaimbisha tena. Mmoja akalala, mwingine akaanza kusuka ukili. Lea alikuwa ananitazama kwa huruma, jambo ambalo silipendi. Nimeona aibu, maana nilikuwa nimejiambia kwamba kasoro ni ya Bwana Kalinga peke yake. Kumbe nami nikipewa watu nawasomea kanuni.

Jumapili, 10 Machi

Nimewaza hata kanisani, Mungu anisamehe. Nimemwuliza Mama Eliezeri mlangoni, yeye anataka kusoma nini hasa.

Akajibu papo hapo. Ndizi zao huja kwa lori kutoka Tukuyu, na kila mkungu umefungwa kipande cha boksi chenye jina la mwenyewe. Utingo ndiye anayesoma, na utingo ana marafiki zake. Mikungu mikubwa huwa ya marafiki.

Jumamosi, 16 Machi

Leo tumesoma vipande vya boksi. Kila mmoja kaanza na jina lake mwenyewe, kisha la jirani, kisha Tukuyu, kisha Mbeya. Hakuna aliyelala. Mvua ilitukuta na hatukuondoka, tulisogea tu chini ya bati.

Kisha nikasikia viwili vifupi na kimoja kirefu.

Sote tulitawanyika kama vifaranga. Mimi niliingia chini ya meza ya ndizi, nikavuta kitenge mpaka kidevuni, nikisubiri mwisho wa mambo yangu. Kiongozi wa wanafunzi amenikuta nafundisha bila ruhusa. Nilimsikia anasema na Lea, na Lea, ambaye kwake huyu ni mzee wa kawaida tu, akamjibu kwa sauti kubwa makusudi ili nami nisikie.

"Mzee anauliza, huyo aliye chini ya meza yuko salama?"

"Mwambie mzima," nikasema.

"Anasema ametumwa na ukoo wenu kuja kukuangalia, ili usiharibikie mjini. Anasema amekuangalia mwezi mzima na nusu nyuma ya gunia, hajaona kitu ila kusikia chafya. Sasa amechoka kukaa bure. Anasema wapagazi nao wanataka kusoma, na wamemwomba yeye."

Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, na mtu wa vita amekuja kuomba kazi.

"Mwambie ubao ni mmoja," nikasema mwishowe.

Halafu Lea akacheka. "Anauliza, ule wa kozi si una pande mbili?"

Jumamosi, 23 Machi

Tumeuleta. Kiongozi wa wanafunzi ndiye anayetunza ufunguo wa ghala, kwa hiyo sijui kama huu ni wizi. Marcelino aliubeba kichwani mvuani.

Umesimama katikati ya uwanja wa nyuma ya vibanda, chini ya bati, na magunia ya ndizi yamening'inizwa kulia na kushoto kwake. Wanawake upande wa kusini na mimi, wanaume upande wa kaskazini na Baba Mkwe. Hatuonani. Nikiandika kwa nguvu ubao unasukumika upande wake, naye akifuta unarudi kwangu.

Anafundisha vibaya kuliko mimi siku ya kwanza. Anafoka. "We Saulo, hilo ni e au ni sikio la mbuzi?" Saulo ni mpagazi mzee wa pale sokoni. Lea alikuwa hayupo, amekwenda kutafuta chaki, na mimi sikuweza kuvumilia. Nikauambia ubao, si mtu, ubao.

"Ubao, mwambie mwenye upande wa pili kwamba mtu mzima akifokewa harudi tena."

Hata wanawake wangu waliacha kuandika. Kisha upande wa pili ukakohoa.

"Ubao, mwambie aliyesema kwamba amesikiwa."

Hakufoka tena, isipokuwa mara moja.

Jumatano, 3 Aprili

Kanuni ya thelathini na moja. Nimeanza kuipenda sauti ya Bwana Kalinga. Inaniacha nipange masomo yangu ya Jumamosi bila bughudha.

Jumamosi, 6 Aprili

Mvua ya kutisha. Mlima Loleza haukuonekana kutwa. Wanaume walikuja wengi kuliko wanawake, na Baba Mkwe hakujizuia kuutangazia ubao habari hiyo.

Jumamosi, 13 Aprili

Wanawake wengi kuliko wanaume. Nimeutangazia ubao.

Jumapili, 21 Aprili

Pasaka. Nimeletewa habari kutoka nyumbani kwa mdomo wa dereva wa lori. Watoto wazima, buni zimeanza kubadilika rangi. Shemeji Timotheo, kaka yake Jailos, anasema kwenye kila kilabu kwamba sanduku likija litakaa kwake. Hakuja kozi, hakuandika hata kanuni moja, lakini kabati la kuliwekea ameshaagiza.

Jumamosi, 27 Aprili

Bwana Kalinga ametukamata. Alikuja sokoni kununua rangi ya viatu, akauona ubao wa serikali umesimama kati ya ndizi.

"Nani ametoa ruhusa?" akauliza. Baba Mkwe, upande wa kaskazini, akasema yeye. Mimi, upande wa kusini, nikasema mimi. Bwana Kalinga akabaki pale ubao unapoishia, mahali pake pa siku zote, anageuza shingo. Alikuwa amekasirika kweli. Alisema ataandika taarifa, alisema tutafukuzwa wote. Na hapo Mama Eliezeri, aliyekuwa amejifunika kwa sababu ya kelele za wanaume, akaendelea kusoma kwa sauti kipande chake cha boksi, maana hakuambiwa aache.

Bwana Kalinga akasikiliza mpaka mwisho. Akaketi juu ya mkungu wa ndizi, pamoja na viatu vyake vinavyong'aa.

"Mama Damari," akasema polepole, "mkaguzi anakuja tarehe kumi na tatu mwezi ujao. Atataka kumwona kila mmoja wenu anafundisha watu. Mimi sina watu. Sijui wanapatikana wapi."

"Wewe ulifundishia wapi, baba?"

"Sijawahi. Nilipewa jalada."

Nilikuwa na maneno mengi nimemwekea kijana huyu tangu Februari. Yote yakanipotea. Ana umri wa mdogo wangu wa mwisho, na ameletwa mbali na kwao na kupewa jalada. Nikamwambia watu anao, ni hawa hapa, ila ubao usitolewe mahali pake. Akaniuliza kwa nini. Nikamweleza habari ya mwaka jana, mashuka na benchi la kwanza. Akaandika yote. Ilikuwa mara ya kwanza yeye kuandika na mimi kusema.

Jumatatu, 6 Mei

Mvua zimekatika. Baridi imeingia asubuhi moja tu, bila hodi. Tunajiandaa.

Jumatatu, 13 Mei

Nataka niandike yote leo.

Mkaguzi ni Mzungu mrefu, mpole wa sura, mwenye saa ya mnyororo. Watu wetu wa Mwanjelwa walikuja ghalani wamevaa nguo za kanisani. Tulikuwa tumepanga ubao katikati na magunia pembeni kama kawaida. Akaingia, akaangalia, akatabasamu.

"Hapana. Mimi nataka ubao mbele, mwalimu moja, watu wote pamoja. Siwezi kukagua walimu wawili kwa mara moja."

Siwezi kusema ni mtu mbaya. Alikuwa na haki ya kuona kazi ya mtu mmoja mmoja. Bwana Kalinga alijaribu kumweleza, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Mkaguzi akamsikiliza, akasema elimu ni ya watu wote na hapa si nyumbani kwa mtu. Magunia yakashushwa. Ubao ukasogezwa ukutani. Wanawake wote walikuwa wamejifunika kabla gunia la kwanza halijafika chini, na Mama Eliezeri alikwisha simama aondoke.

"Damari," akasoma Mkaguzi. Nilikuwa wa kwanza.

Nikaenda mbele, uso ukutani, kitenge kichwani, chaki mkononi. Nyuma yangu kulikuwa na chumba kizima, na mahali fulani katika chumba hicho Baba Mkwe, kwa sababu wanakozi nao walitakiwa wakae kama wanafunzi. Nikigeuka namwona.

Nilifikiri haraka. Mimi ni Mkristo, mchungaji angenipongeza. Ni kugeuza shingo tu. Lakini nikigeuka, wanawake hawa hawatarudi kwangu tena, na wa kwetu hawatakuja kabisa, maana habari itafika Rungwe kabla yangu. Nisipogeuka, sina hati, na sanduku atapewa Baba Mkwe, nalo litakwenda kukaa kwenye kabati la Timotheo. Na zaidi ya yote, shingo yenyewe ilikataa. Nilisimama pale nikiona aibu na hasira, nikamsikia Mkaguzi anafungua saa yake.

"Mama, tafadhali. Au nimwite anayefuata?"

Ndipo nikasikia benchi linasukumwa. Vikohozi havikuwepo. Nilisikia mtu anavua koti, kifungo kimoja kimoja, bila haraka.

"Wenye wakamwana humu ndani," sauti ya Baba Mkwe ikasema, "tugeuke."

Nilisikia miguu mingi. Kisha Lea akaja mbio mpaka sikioni kwangu. "Geuka," akaniambia. "Damari, geuka uone."

"Siwezi."

"Unaweza. Kajifunika yeye."

Nikageuka. Niliona wazee wamekaa safu nzima, migongo kwangu, nyuso ukutani, na kila mmoja ana koti au blanketi kichwani kama bibi harusi. Kati yao mmoja mwenye koti jeusi la kanisani, kola juu ya utosi. Miaka ishirini mimi ndiye niliyejifunika. Nimeingia migombani, nimeingia chini ya meza, nimeruka dirisha. Sikuwahi kuwaza kwamba nguo inaweza kukaa juu ya kichwa cha mwingine.

Mama Eliezeri akaketi. Akashusha shuka yake mabegani. Wakashusha wote.

Nami nikashusha yangu, nikaanza. Niliandika vipande vya boksi kama Jumamosi yoyote. Mara mkono ukanyooka kutoka chini ya koti jeusi.

"Mwalimu," akasema. Si ubao aliokuwa anauambia. "Sisi wa huku hatuoni. Tusomee."

Kisha nikawaambia wanawake wawasomee, herufi kwa herufi, na wazee waandike kwenye vibao vyao gizani mle chini ya makoti. Chumba kizima kikawa kinafanya kazi, wanawake wanataja na wanaume wanauliza, "Ipi? Rudia hiyo." Saulo alipitisha kibao chake nyuma juu ya bega. Ameandika SAULO MWANJELWA, S imeangalia upande usio wake. Mkaguzi alikisoma, akakitazama kichwa kile kilichofunikwa, akasahau kuifunga saa.

Wakafuata Lea, Marcelino na wengine. Kisha likaitwa jina ambalo silitamki. Baba Mkwe hakusimama.

"Zamu yangu naiacha, bwana," akasema ndani ya koti. "Nikijifunua, hawa mama wote watajifunika."

"Mzee, usipofundisha siwezi kukupa hati."

"Naelewa."

"Umesoma zaidi ya miezi mitatu."

"Naelewa, bwana. Andika hivyo."

Jumamosi, 25 Mei

Nimepata hati. Lea naye, na karibu wote. Bwana Kalinga alinipa mkono, akaniuliza kama mwakani nitakuja siku ya kwanza kuwaambia wapya habari za wakwe. Nikamwambia atume basi lenye nafasi. Viatu vyake vina matope, sijui tangu lini.

Lea amelia, akasema nitakapofika Mlandege nisilale kwa mtu mwingine. Nami nimelia, lakini kidogo, kwa sababu nilikuwa napanga vitabu ndani ya sanduku.

Jumapili, 2 Juni, nyumbani

Jana ukoo umekaa. Wanaume walikuwa ndani, sisi wanawake nje nyuma ya ukuta wa jikoni, ambako kila neno linasikika na kila mtu anajua kwamba linasikika. Sanduku langu lilikuwa miguuni pangu. Nilikuwa nimelikalia, kusema kweli.

Shemeji Timotheo alianza. Akasema amefurahi kwamba mke wa mdogo wake amerudi salama, na kwamba sanduku ni mali ya kijiji, na mali ya kijiji hukaa kwa wazee. Wengine wakaguna kukubali. Nikamsikia mmoja anasema mwanamke atafundishaje wanaume.

Kisha wakamgeukia Baba Mkwe. Wakamwambia, "Mzee, tulikutuma uende ukamwangalie. Tuambie ulichoona."

Akakohoa kwanza. Mikono yangu ilikuwa imeshika mbao za sanduku. Anaweza kusema lolote, nikafikiri. Amerudi mikono mitupu mbele ya wadogo zake, na hakuna atakayejua kwa nini asipotaka wajue.

"Sikuona kitu," akasema. "Siku ya mtihani nilikuwa nimejifunika koti kichwani."

Mtu mmoja akacheka, akaacha.

"Wewe ulijifunika?" Timotheo akauliza. "Mbele ya mkamwana?"

"Mimi. Ili afundishe. Masikio sikuyafunika, na niliyosikia yamenitosha. Hati niliiacha kwa mkono wangu, kwa hiyo asiniulize mtu. Sanduku ni lake. Jumatatu anaanza, nami nitakuja na benchi langu nikae nyuma ya ukuta na wanaume wengine. Timotheo, na wewe utakuja, maana najua unavyosoma." Kisha akainua sauti, na hakuielekeza ndani. "Mwalimu, tuje saa ngapi?"

Wanawake wote pale jikoni wakanitazama. Lea hakuwepo wa kunisemea, wala ubao haukuwa umesimama.

"Saa tisa," nikajibu kwa mdomo wangu mwenyewe. "Na wasichelewe."